Shukrani kwa Jambo Lisilotokea

Nanzala alizaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la mkonge, upande wa Mwatate, katika chumba kimoja kilichotazamana na karakana ya matrekta. Baba yake, mzee Khaemba, alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja kufanya kazi msimu mmoja tu apate nauli na cha kuwapelekea wazazi. Msimu huo ukamkalia mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa dereva wa trekta la kusomba majani ya mkonge, na wenzake walimheshimu kwa sababu hakuwahi kugonga hata kuku wa mtu.

Basi huyu mtoto wake wa kike, badala ya kukaa jikoni na mama yake, alikuwa anapanda juu ya madigadi ya trekta, yale mabati yanayofunika magurudumu, na kushikilia chuma. Mzee alimpa kazi huko juu ili asisinzie akaanguka. Kazi yenyewe ilikuwa kutaja. Mzee anasema, "Taja," naye anataja kila anachokiona mbele: mbuzi, shimo, mama mwenye kuni, mtu wa baiskeli anayumbayumba. Akitaja kitu ambacho baba yake ameshakiona, mzee anaitikia kwa kichwa. Akitaja ambacho baba yake hajakiona, mzee anasimamisha trekta kabisa na kumpa mkono, kama mtu mzima na mwenzake. Mikono hiyo haikuwa mingi, na Nanzala mpaka leo anaweza kukuonyesha mahali alipopewa kila mmoja.

Miguu yake ilipofika kwenye klachi akaanza kuendesha mwenyewe, polepole, kati ya mistari ya mkonge ambapo hakuna wa kumgonga. Mzee alikaa kwenye madigadi, yeye sasa ndiye abiria, lakini neno lilikuwa lile lile. Taja.

Ukubwani Nanzala hakutaka dhahabu wala nyumba ya ghorofa. Alitaka usukani. Akaolewa na Morris, fundi wa kuchomelea vyuma pale mtaa wa Sofia, Voi, mtu mpole asiye na maneno mengi, akapata leseni, akazunguka kila mwenye lori. Wote walimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni wakamwuliza kama ametumwa na mume wake. Akarudi kwenye mkonge, akafanya kazi ya kuanika nyuzi miaka na miaka, huku matrekta yanampita. Hakulalamika. Lakini Morris anasema alikuwa anaota usiku na mguu wake unakanyaga breki kitandani.

Mungu si mtu. Huko juu Bura, akina mama wa mboga walikuwa wamechanga wakanunua lori dogo la chama, la kupeleka kabichi, nyanya na sukuma wiki soko la Voi. Dereva wao wa kwanza aliitwa Vincent. Vincent hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, gari alilijua. Kosa lake lilikuwa moja: akipigiwa simu njiani, hashiki. Akina mama walivumilia, mwisho wakachoka, wakamnyang'anya funguo.

Mwenyekiti wao alikuwa Wakesho, mama yake Donald, na kila mtu anamwita Mama Donald. Huyo ni mama ambaye akisema jua limetoka magharibi, utaangalia kwanza kabla ya kubisha. Alilima kabichi kubwa kuliko za wote, na alijisifu kwamba ndovu akikaribia shamba lake yeye humsikia kwa pua kabla mbwa hawajabweka. Nanzala alipokwenda kuomba kazi, Mama Donald hakumwuliza leseni. Alimwandikisha namba ya simu, akamwambia akae pale kwenye kiti, akazunguka nyuma ya nyumba. Mara simu ya Nanzala ikalia. Akashika hata haijalia mara ya pili.

"Huyu anashika," Mama Donald akawatangazia wenzake akirudi na simu mkononi. Kazi ikawa imepatikana hivyo.

Nanzala alilia siku hiyo, machozi ya furaha, ndani ya lori, mikono juu ya usukani. Mzee Khaemba alikuwa ameshatangulia. Angekuwepo, angepanda juu ya madigadi na uzee wake wote.

Lazima ujue namna akina mama wa kule wanavyopakia mzigo. Kuna jiwe kubwa kando ya barabara ya murramu, bapa kama meza, na hapo ndipo magunia yanapotuliwa asubuhi. Wengi wao kuandika si kazi yao, kwa hivyo hakuna jina juu ya gunia. Kila mmoja anachana kipande cha leso yake kuukuu na kufunga nacho mdomo wa gunia. Leso ya mtu inajulikana kama uso wake. Kule Voi, Kavinya, yule mama wa Kikamba anayepokea mzigo sokoni, akiona kitambaa cha maua ya zambarau anajua ni cha Teresia, akiona chenye korosho za manjano anajua ni cha Mama Donald mwenyewe. Mpango mzuri, na haujawahi kupoteza gunia.

Ila kupakia kule hakuishi. Gari likiondoka pale jiweni, maneno bado. Mama anafika nyumbani, anaketi, anakumbuka: nyanya zangu zisikaliwe. Anapiga simu. Mwingine anakumbuka kwamba sukuma yake ilinyeshewa, iuzwe kwanza. Anapiga simu. Mwingine hana la kusema, anapiga tu kuuliza, umefika wapi? Ni kama kumsindikiza mgeni. Unamuaga mlangoni, unamuaga uani, unamuaga tena njiani. Nanzala alikuwa na kile kijiwaya cha masikioni, mikono inabaki kwenye usukani, naye anawajibu wote, nimefika kwenye kona, nimefika misheni, nimefika lami, ndiyo mama, nimesikia mama. Akina mama wakamsifu mpaka wakamfungia kimanga cha kula njiani, muhogo na maharagwe yaliyopondwa vizuri, kila siku ya soko.

Hapo ndipo ikaja harusi.

Mama Donald alikuwa anamwoza kitindamimba wake, Nicholas, na kwa vile ni mtu wa heshima akataka chama kizima kivae sare. Leso moja, rangi moja, nyekundu yenye ukingo mweusi. Walipendeza, usiseme. Baada ya harusi zilibaki jora nzima za kitambaa, na Mama Donald, asiyependa kitu kiharibike, akawagawia akina mama vipande vya kufungia magunia. Vipya, imara, vizuri kuliko yale matambara. Hakuna aliyefikiri mbele. Asubuhi ya soko lililofuata, Nanzala aliangalia nyuma ya lori akaona magunia yote yamefungwa nyekundu yenye ukingo mweusi, kama watoto wa mama mmoja.

Kabla hajafika kona ya kwanza, simu zikaanza. Langu ni lile lenye kifundo upande wa kushoto. Langu limeshonwa kwa kamba ya mkonge mara mbili. Langu ni zito, utalijua. Huyu akikata, yule anaingia. Wa mwisho alikuwa Mama Donald, na huyo hakuwa na haraka. Alieleza gunia lake la kwanza, akaeleza la pili, akaeleza jinsi la tatu linavyofanana na la pili.

Nanzala alikuwa anashuka na gia ya pili, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele. Ungemwona ungesema huyu ni dereva. Lakini akili yake haikuwa pale. Ilikuwa nyuma, juu ya mzigo, inapindua gunia hili, inalitazama lile, inatafuta kifundo. Magunia aliyaona waziwazi kabisa. Barabara hakuiona.

Aliona tu rangi ya manjano, karibu mno, na mguu ukaenda wenyewe kwenye breki. Lori likaserereka kwenye murramu, likageuka ubavu kidogo, likasimama. Chini ya gurudumu kitu kikapasuka.

Hakujua alivyoshuka. Mbele ya lori, hatua moja kutoka kwenye bampa, alisimama Shanice, binti yake Teresia, amevaa sare ya shule, mkono mmoja bado umekunjwa kama umeshika kitu. Kilichopasuka kilikuwa jerikani lake la manjano, la maji ya kupeleka shuleni. Maji yalikuwa yanatambaa kwenye vumbi. Mtoto mwenyewe hakuguswa hata ukucha.

Nanzala alipiga magoti akampapasa miguu, magoti, mbavu. Aliyesema ni mtoto, na hakuwa analia, alikuwa anashangaa.

"Nilingoja, anti. Nikaona unaniangalia. Nikajua umeniona, ndio nikavuka."

Na sauti ya Mama Donald ilikuwa bado sikioni, imetulia kabisa, inauliza kama amelisikia hilo la gunia la tatu.

"Nimesikia, mama," Nanzala akasema, akachomoa waya.

Alikaa kando ya barabara pale pale. Akajaribu kufanya lile la baba yake. Kutoka jiweni mpaka pale, ataje alichopita. Daraja dogo alilipita, lazima alilipita, hakuna njia nyingine. Hakulikumbuka. Duka la mafuta ya taa, hakulikumbuka. Watoto wengine wa shule, ambao walikuwa wamejaa njia nzima, hakumkumbuka hata mmoja. Alikuwa ameshuka mlima mzima na hana hata kitu kimoja cha kutaja. Hapo ndipo baridi ilipomwingia, kwa sababu aliona kwamba mkono haukukosea, jicho halikukosea, gari halikukosea. Yeye tu ndiye hakuwepo.

Alimshika Shanice mkono akampeleka hadi lango la shule. Kisha akaizima simu, akaifungia kwenye sanduku la spana chini ya kiti, akaenda Voi. Mchana aliporudisha lori Bura hakugeuka kwenda nyumbani Voi. Alikwenda moja kwa moja kwa Teresia, akamkuta anapalilia, akamwambia yote jinsi yalivyokuwa, hakuficha neno. Teresia aliegemea jembe akasikiliza. Nanzala alipomaliza, Teresia aliingia ndani, akatoka na maji ya kunywa, akampa. Nanzala alisema baadaye kwamba angeomba kutukanwa kuliko kupewa maji yale.

Siku ya kupakia iliyofuata, alisimama mbele ya akina mama pale jiweni na kuwaambia kwamba kuanzia leo gari likiwa linatembea hatashika simu ya mtu. Akawaeleza sababu.

Kelele zikawa kelele. Wakampa pole, wakamshukuru Mungu mtoto ni mzima, halafu wakarudi pale pale. Huyu anasema si uwe tu mwangalifu. Yule anasema si unatumia ile ya masikioni. Nanzala akajibu kwamba ile ya masikioni ndiyo aliyokuwa nayo. Mwingine akauliza, sasa nyanya zangu zikikaliwa nitajuaje? Mwingine akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba Waluhya wakishazoea gari la watu wanaanza masharti. Teresia alikuwa amesimama mwisho kabisa, na ndiye aliyewanyamazisha.

"Mimi sitapiga," akasema. Basi.

Mama Donald alikuwa hajasema. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo katikati ya magoti. Lililomuuma zaidi, nadhani, ni kwamba ile simu ya mwisho ilikuwa yake, na kila mtu pale alijua, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

"Vincent alikuwa hashiki, tukamfukuza," akasema. "Wewe tulikuchukua kwa sababu unashika. Sasa unataka tukuweke kwa sababu gani?"

Nanzala alimjibu kwa adabu, lakini alimjibu.

"Mniweke kwa sababu naendesha, mama. Sikuzaliwa kujibu simu. Nikishika simu siendeshi, nimekaa tu ndani ya gari linalotembea."

"Mimi nina simu na nina macho," Mama Donald akasema. "Sijawahi kuona moja likizima jingine. Leo nitapanda na wewe. Simu zote nitashika mimi, yangu na yako, na barabara yote nitaiona. Tukifika Voi nikikutajia kila kitu, unarudi kushika simu kama zamani ama unaacha funguo hapa jiweni."

"Na ukishindwa kutaja?"

"Sitashindwa."

Wakampandisha, leso begani, fimbo mkononi, kama bibi harusi mzee. Nanzala aliweka gia. Aliwaza, labda huyu mama ana akili mbili, labda ni mimi tu niliye na moja. Akaziona zile nyuzi za mkonge alizoanika miaka yote, akajiona amesimama tena kati yake na matrekta yanampita. Akazifukuza fikira hizo. Hata hizo, akajiambia, ni simu tu. Akaangalia barabara.

Simu zilianza kwenye kona ya kwanza kama kawaida. Mama Donald alishika ya kwanza kwa fahari. Akamweleza mwenye kuuliza kwamba sasa wako kwenye daraja, na kweli walikuwa kwenye daraja, akamtupia Nanzala jicho la pembeni. Walipoingia lami alikuwa bado anaitazama njia. Wakapita Mwatate. Halafu akapiga dada yake kutoka Mahoo, kule Taveta, ambaye hakuwa hata na gunia ndani ya gari. Alitaka habari za harusi, nani alikuja, nani hakuja, na ule wali uliungua kweli ama ni fitina? Mama Donald akajibu habari za wali. Habari za wali ni ndefu.

Walipita mkonge, wakaingia kwenye vichaka vya kuelekea Voi. Hapo Nanzala akapunguza mwendo, akapunguza tena, akasimama. Gari la nyuma likasimama, la mbele likasimama. Wakakaa hapo muda wa kutosha mtu kunywa chai. Kisha wakaondoka. Mama Donald alikuwa anaeleza sufuria lililokuwa limeazimwa na likarudi na tobo.

Sokoni Voi, Nanzala alizima gari, akamgeukia.

"Haya, mama. Taja."

Mama Donald akaweka simu mapajani, akakaa vizuri. Akataja daraja. Akataja misheni. Akataja Mwatate, na polisi pale njia panda, na mkonge, mistari kwa mistari. Akataja vilima. Alitaja kila kitu ambacho kimekuwa pale tangu yeye ni msichana, na Nanzala aliitikia kwa kichwa kila kimoja.

"Na baada ya mkonge?"

"Vichaka."

"Vichaka vitupu?"

"Vitupu, kama Mungu alivyoviumba. Funguo unazitoa sasa ama jiweni?"

Kabla Nanzala hajajibu, Kavinya alikuwa ameshafika mlangoni kupokea mzigo, anapangusa mikono kwenye aproni. Akawasalimu, akampa Mama Donald pole ya safari na ya kuchelewa. Akasema kila aliyepita njia ile asubuhi hana hadithi nyingine, ni ndovu tu. Akauliza kama na wao waliwakuta bado wamesimama barabarani.

Nje wauzaji wanaita, mikokoteni inapita.

Mama Donald hakusema hapakuwa na ndovu. Ulimi ulitaka, ukaonekana unataka, akaumeza. Alimwomba Kavinya chai. Ikaletwa, akainywa yote, polepole, akiangalia mbele kwenye kioo.

"Walikuwa wangapi?" akauliza mwishowe.

"Watano na mtoto," Nanzala akasema.

"Mtoto alikuwa upande gani?"

"Upande wako, mama. Alikuja mpaka dirishani. Ungenyoosha mkono ungemshika sikio."

Yule ambaye huwasikia ndovu kwa pua kabla ya mbwa akaweka kikombe chini.

"Niliona gari limesimama," akasema. "Nikadhani ni polisi." Halafu, kwa sauti ambayo Nanzala hakuwa ameisikia kwake: "Kumbe ndivyo ilivyokuwa na mtoto wa Teresia."

"Ndivyo ilivyokuwa."

Hakuomba radhi. Usimngoje mama huyo aombe radhi, utazeeka. Lakini wakati wa kurudi alizima simu zote mbili, akazifunga kwenye ncha ya leso fundo juu ya fundo, akaiweka leso miguuni. Walipotoka Voi akaketi wima na kuanza. Mbuzi. Lori linakuja. Mtu wa pikipiki, hana kofia ya chuma, ni mjinga. Nyani. Shimo. Nanzala hakumwambia ataje. Alifikiri juu ya mzee Khaemba na madigadi yake, na macho yakamlowa, akayapangusa haraka maana aliyahitaji.

Karibu na Mwatate Mama Donald akasema, "Mwanamke kando ya barabara, ana mtoto mgongoni, anataka kuvuka." Nanzala alikuwa hajamwona, kibanda kilimziba. Akapunguza, mwanamke akavuka. Nanzala akasimamisha lori pembeni kabisa, akamnyooshea Mama Donald mkono.

"Wa nini?" Mama Donald akauliza.

"Upokee tu, mama."

Akaupokea.

Jiweni, akina mama walikuwa wanawangoja kujua nani ameshinda. Mama Donald alishuka, akapanda juu ya jiwe, na hukumu ikatoka kama vile ilikuwa yake tangu mwanzo. Maneno yote yaishie hapa jiweni. Mwenye la kusema aseme gari likiwa limezimwa, na gari halitawashwa mpaka kila mtu amalize. Ukikumbuka jambo baada ya gari kuondoka, hilo lingoje lifike Voi, au umpigie Kavinya, ambaye amekaa chini na hamgongi mtu. Atakayempigia Nanzala njiani, gunia lake soko linalofuata atalibeba kichwani mpaka Mwatate. Vile vitambaa vyekundu vifunguliwe vyote, kila mtu arudi na leso yake.

Mmoja akathubutu kuuliza, kwani ndovu walikuwepo kweli? Mama Donald akasema walikuwepo, na yeye hakuwaona, na anayetaka kucheka acheke leo amalize. Walicheka. Teresia alicheka kuliko wote, mpaka akakaa chini, na kicheko chake kikageuka kikawa kilio, na akina mama wakamzunguka.

Asubuhi ya maneno pale jiweni ni ndefu sasa. Wanachelewa kidogo kufika sokoni. Hakuna kabichi iliyooza kwa sababu hiyo.

Jumapili ya mavuno, watu walipeleka shukrani kanisani kama desturi, na kila mmoja akasema anashukuru kwa lipi. Huyu ng'ombe wake amezaa. Huyu mwanawe amepata kazi Mombasa. Mama Donald alipeleka kabichi ambayo ilibebwa na watu wawili, akashukuru kwa harusi ya Nicholas. Nanzala, aliyekuja kutoka Voi na Morris na mtoto wao Branice, alisimama mwisho, akapita katikati na jerikani jipya la manjano limejaa maji. Watu wakaminyana mbavu. Maji madhabahuni, huyu anataka kupiga deki?

"Wenzangu wameshukuru kwa mambo yaliyotokea," akasema. "Mimi nashukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Lilifika karibu hivi, halafu halikutokea. Sina ng'ombe wala kabichi ya kulipima. Nashukuru tu kila asubuhi nikiamka nakuta bado halijatokea."

Wengine hawakuelewa. Akina mama wa mboga walielewa, na ndio walioanza wimbo. Ibada ilipokwisha, Shanice akatumwa mbele kulichukua jerikani lake. Lilikuwa zito, akalibeba kwa mikono miwili, na Mama Donald akamfuata nyuma akimwambia asimwage.

Nanzala bado anaendesha. Ukiwa Bura asubuhi ya soko utamwona anashuka, gia ya pili, simu kwenye sanduku la spana, midomo inacheza. Wasiomjua wanafikiri anaimba, au anazungumza na nani sijui. Pale kwenye kona, Shanice husimama kando na maji yake. Nanzala anasimamisha lori kabisa, anainua mkono. Shanice naye anainua wake, na hapo tu ndipo anavuka.

"Mtoto," Nanzala anataja, peke yake ndani ya gari, kwa sauti. Halafu anaweka gia.